Mjadala: Hispania ilijenga dola Amerika, au ilikalia kiti ambacho bado kilikuwa na joto?

Mtoa mada

Wakuu, salaam. Tangu mwaka 2019, Andrés Manuel López Obrador, aliyekuwa rais wa Meksiko, alipomwandikia mfalme wa Hispania akimtaka aombe radhi kwa yaliyotendeka wakati wa utekaji, hili jambo haliishi. Hispania ilikataa. Oktoba 2024 Claudia Sheinbaum akaapishwa kuwa rais wa Meksiko bila kumwalika Mfalme Felipe VI. Kila likifufuka wanajitokeza watu wa aina mbili: mmoja atakwambia Mhispania alikuta pori akaacha miji, mwingine atakwambia alikuta miji akaacha majivu. Wote nawaona wamepotea njia moja, maana wote wanadhani kulikuwa na kuanza upya.

Tuanze na Peru. Novemba 1532 Mhispania Francisco Pizarro, akiwa na watu 168 tu, alimkamata Atahualpa, mfalme wa Wainka, pale Cajamarca. Hao wanaenea kwenye mabasi matatu ya mkoani. Hata uwape farasi na panga za chuma, watu wa mabasi matatu hawatawali mamilioni. Walitawala kwa sababu walikuta nchi ina barabara, ina ghala, ina hesabu za watu zilizofungwa kwenye kamba za mafundo (khipu), ina machifu walioitwa kuraka, na ina zamu za kazi ambazo kila kaya ilizijua. Mwaka 1547 jeshi la mfalme chini ya Pedro de la Gasca lilipiga kambi Jauja kwa wiki kadhaa, likalishwa mahindi ya ghala zilezile za Inka. Atahualpa alikuwa amekwisha kunyongwa tangu 1533, na ghala bado zina chakula! Nani alikuwa akizijaza?

Meksiko ni hivyohivyo. Wanahua waliishi katika miji-dola iliyoitwa altepetl, kila mmoja na mtawala wake, mitaa yake, soko lake na hekalu lake. Tenochtitlan, mji mkuu wa Waazteki, ilipoanguka Agosti 1521, Mhispania alikabidhiwa watu wa altepetl fulani wamlipe kodi, padri akapewa haohao wawe parokia yake, na mtawala wao akapachikwa "don" mbele ya jina akaitwa gavana. Mipaka ni ileile, na mara nyingi familia inayotawala ni ileile.

Sasa ushahidi wangu mkubwa. Pasipo na kiti, hawakuwa na pa kukaa. Wamapuche wa kusini mwa Chile hawakuwa na mfalme mmoja wa kukamatwa. Martín García Óñez de Loyola, yuleyule aliyemkamata Inka wa mwisho, Túpac Amaru, mwaka 1572, kisha akamwoa binti wa ukoo huohuo, alipelekwa Chile kuwa gavana. Wamapuche walimuua pale Curalaba mwaka 1598, wakaibomoa miji ya Wahispania kusini mwa mto Biobío, na mwaka 1641 Hispania ikaketi nao Quillín ikaukubali mto huo kuwa mpaka. Mtu mmoja: kwa Wainka alipata cheo na mke, kwa Wamapuche alipata kifo.

Kwa hiyo naweka mezani: Hispania haikujenga dola Amerika. Ilikalia kiti. Karibuni.

Mwalimu wa zamu

Mkuu, umepanga hoja vizuri, ila hapo kwenye zamu umepita mbio, na hilo jina ninalotumia hapa linanilazimisha kukurudisha. Kwa Kikechua, lugha ya Wainka, mit'a maana yake ni zamu hasa. Hata hivyo zamu ya Inka na "mita" ya Mhispania ni kama mtungi mzima na kigae chake.

Nenda Huánuco Pampa, kwenye nyanda za juu za Peru. Wachimbuaji wa mambo ya kale walikuta pale ghala karibu 500 zimepangwa safu kwa safu mlimani, na chini yake uwanja mpana ajabu, na vigae vya mitungi ya chicha (pombe ya mahindi) visivyo na idadi. Mji ule ulikuwa wa kupokea watu wa zamu. Ukienda zamu, unakula cha ghala, unanyweshwa, unapewa nguo, na huko nyumbani ndugu wanakulimia shamba. Sisemi Inka alikuwa malaika. Alihamisha jamii nzima kwa nguvu na aliyeasi alimwona cha moto. Lakini kupokea kazi ya mtu bila kumlisha ilikuwa aibu kwa mtawala, kama mwenye shamba anayeita watu walime kwa ujima halafu jikoni hapafuki moshi.

Sasa angalia alichofanya Francisco de Toledo, mtawala mkuu wa Peru, kuanzia 1573. Alichukua neno lilelile, akaagiza mmoja katika kila wanaume saba wa umri wa miaka 18 hadi 50, kutoka wilaya zaidi ya kumi za nyanda za juu, aende mgodi wa fedha wa Potosí kwa mwaka mzima. Ni kama watu 13,500 kila mwaka. Potosí iko mita 4,000 hivi juu ya usawa wa bahari. Watu wa Chucuito, kando ya ziwa Titicaca, walikuwa wakitembea miezi miwili kufika. Shahidi mmoja aliyewaona njiani alikadiria zaidi ya watu 7,000, kwa sababu mwanaume haendi peke yake: mke, watoto, na wanyama wa kubeba chuño, viazi vilivyokaushwa kwa baridi, kwa kuwa anajua kule hakuna ghala inayomngoja. Mshahara ulikuwepo, reale (sarafu za fedha za Kihispania) tatu na nusu kwa siku ya mgodini, na chakula cha Potosí kiliumeza wote.

Kuraka asipotimiza idadi, analipa pengo kwa fedha. Baadaye wenye migodi wakagundua kwamba hiyo fedha ya pengo ni tamu kuliko watu wenyewe. Wakaacha hata kuchimba, wakawa wanapokea malipo tu. Wenyewe waliwaita hao waliolipiwa fedha badala ya kuja "Wahindi wa mfukoni". Hebu niambie, hicho ndicho kiti cha Inka?

Na hiyo "mipaka ileile" uliyoisema kwa Meksiko, usithubutu kuileta Peru. Toledo huyohuyo aliwahamisha watu zaidi ya milioni kutoka vijiji vyao vya milimani akawapanga katika miji mipya yenye mitaa iliyonyooka, kanisa na uwanja katikati, ili iwe rahisi kuwahesabu na kuwahubiria. Tanzania hii kila mwenye umri wangu anajua maana ya kuambiwa uhame kilima cha babu yako ukaishi kwenye mstari.

Mpiga Bao

Mwalimu umetoa somo mpaka kengele imelia. Mimi nauliza kidogo tu: hao kuraka si ndio tatizo lenyewe? Mgeni anakuja na watu 168, wewe chifu una watu elfu kumi, unampa funguo. Halafu miaka 500 baadaye tunadai radhi kwa mgeni. Kwanza tuanze na wenye funguo.

Bi Mkubwa wa Kigamboni

Mpiga Bao mwanangu, funguo za nyumba ya nani? Wewe unahesabu kama vile wote walikuwa taifa moja lililouzwa na wazee wake. Watlaxcala wa Meksiko walikuwa wamezingirwa na Waazteki miaka mingi, hata chumvi walikuwa hawaipati. Hernán Cortés, kiongozi wa Wahispania walioiteka Meksiko, kwao alikuwa silaha mpya kwenye vita ya zamani. Na walijua kudai: mji wao haukugawiwa Mhispania yeyote, ulibaki chini ya mfalme moja kwa moja, na mwaka 1591 familia 400 za Kitlaxcala zilipokwenda kaskazini kuishi kwenye nchi ya Wachichimeca, zilikwenda na haki zao zimeandikwa: kupanda farasi, kubeba silaha, kutolipa kodi.

Nawaomba msome habari ya majirani zao, watu wa Huejotzingo. Mwaka 1560 baraza la mji ule lilimwandikia Mfalme Felipe II kwa lugha yao, Kinahuatl, kwa herufi za Kilatini. Wanamkumbusha kwamba waliwapokea Wahispania kwa hiari, hawakuwapiga vita, waliwalisha, waliwavika, waliwabeba majeruhi mgongoni. Wanamlalamikia kwamba Tlaxcala imetukuzwa, nao wametwishwa kodi ya peso 14,800 na fanega (kipimo cha nafaka) 14,800 za mahindi kwa mwaka. Miaka 40 tu tangu ushirikiano. Barua ina machozi, ila ni machozi ya mtu anayejua sheria.

Na Peru, Wawanka wa hukohuko Jauja alikokutaja mtoa mada, mwaka 1561 waliingia mahakamani Lima na khipu zao. Wakasoma mafundo mbele ya majaji: llama kiasi kadhaa tuliwapa, mahindi kiasi kadhaa, wapagazi kadhaa hawakurudi, kuanzia siku ya Pizarro. Mahakama ikaandika. Fikiria mzee ameshika kamba anasoma deni la miaka karibu thelathini, na karani wa Kihispania analinakili!

Kwa hiyo mtoa mada, "kiti" chako kinanikera kwa sababu nyingine. Kiti hakisemi. Hawa walikuwa wakisema, wanaandika, wanashitaki.

Mtoa mada

Mwalimu, kwenye ghala na jiko lisilofuka moshi umenipata. Naandika upya: walikalia kiti wakang'oa miguu miwili. Lakini utakubali kwamba bila neno mit'a, bila kuraka kujua nani ana zamu mwaka huu, Toledo asingepata hata watu 500. Ukatili ulikuwa wake. Daftari lilikuwa la wenyeji.

Bi Mkubwa, shikamoo. Wawanka wako wananitetea. Mahakama ilizikubali khipu kwa sababu bila khipu Mhispania hakuwa na hesabu nyingine ya nchi ile. Unaposhitaki kwa daftari lako na jaji akalipokea, maana yake jaji anategemea daftari lako.

Bi Mkubwa wa Kigamboni

Marahaba. Kulitegemea ni kweli. Ila angalia jina. Neno cacique walilookota visiwani Karibi, kwa Wataíno, wakalibeba wakambandika kila mtu: tlatoani, yaani mtawala wa altepetl, wa Meksiko ni cacique, kuraka wa Peru ni cacique. Mwaka 1538 mfalme akaagiza kabisa kwamba wasiitwe tena mabwana wa miji yao, waitwe cacique basi. Wataíno wenyewe kufikia hapo walikuwa karibu wamekwisha kwa kazi, ndui na njaa. Cheo cha watu waliokufa kikawa cheo cha watu walio hai. Hata kama kiti ni kilekile, jina la anayekikalia limeshushwa ngazi.

Shemeji wa Taifa

Naona mnazunguka wafalme tu. Mtoa mada amesema pasipo na kiti hawakuweza. Paraguay je? Waguarani hawakuwa na dola, hawakuwa na ghala, hawakuwa na Inka. Asunción ikaanzishwa 1537 na ikasimama. Kwa nini? Ndoa. Kule kazi ya shamba ilikuwa ya wanawake, na ukioa, ndugu wa mke wanakuja kukusaidia. Waguarani wakawapa Wahispania mabinti na dada zao wapate wenza wa kupigana na maadui zao wa Chaco, wakawaita tovajá. Tovajá ni shemeji.

Mhispania akasikia "shemeji" akaelewa "vibarua wa bure". Mmoja anachukua wake kumi, ishirini, ukoo mzima wa kila mke unamlimia. Ilipofika 1556 Domingo Martínez de Irala, ambaye mwenyewe alikuwa na watoto na wanawake kadhaa wa Kiguarani, akawagawa mashemeji kwa orodha kama watu wa kutumikishwa. Hapakuwa na kiti cha enzi pale mkuu, palikuwa na mkeka wa ukweni. Wakaukalia huo.

Natumia jina hili kwa utani lakini hadithi ile hainichekeshi.

Mtoa mada

Hiyo ya Paraguay inaniuma, maana inabomoa nguzo yangu ya Mapuche. Ngoja nijaribu: pengine si lazima kiti kiwe cha mfalme. Panapohitajika ni wajibu wowote uliokuwepo tayari ambao mgeni anaweza kuupokea upande wa kupewa bila kuulipa upande wa kutoa. Kwa Wamapuche alishindwa kuupata?

Shemeji wa Taifa

Hakushindwa kuupata, alichelewa. Wale walijifunza farasi haraka kuliko alivyojifunza ukwe.

Mpwani

Mimi niko Mombasa na mjadala huu nausoma nikiwa dakika kumi kutoka Ngomeni, ile Fort Jesus ya Wareno. Msisahau kwamba ngome ile ilipoanza kujengwa 1593, taji la Ureno lilikuwa kichwani mwa mfalme wa Hispania, Felipe II, tangu 1580. Na walifanya vilevile: wakamleta sheikh wa Malindi, rafiki yao wa siku nyingi, wakamkalisha Mombasa. Mjukuu wa nyumba ile, Yusuf bin Hassan, wakampeleka Goa, wakambatiza Jerónimo, wakamrudisha awe mfalme. Agosti 1631 akaingia ngomeni na watu wake, akamuua kapteni kwa mkono wake. Kiti kina joto, kweli, lakini mara nyingine kinachoma.

Na jingine dogo. Riale mnayoisoma kwenye habari za zamani za Pwani, mahari riale kadhaa, jina lake linarudi kwenye real ya Kihispania. Waarabu waliiita ile sarafu ya nguzo mbili "baba wa mizinga", kwa sababu nguzo walizichukulia ni mizinga. Sehemu ya fedha hiyo ni jasho la hao wa Chucuito wa Mwalimu.

Mwalimu wa zamu

Mpwani asante, ila tusichanganye: Mombasa iliendeshwa kutoka Goa na Lisbon, na sheria za Amerika hazikufika huko. Mfalme mmoja, ofisi mbili.

Nataka nimjibu Mpiga Bao kuhusu kuraka, kwa sababu nimemwona Bi Mkubwa amemgusa tu. Chukua wawili walioishi wakati mmoja, eneo moja, Cusco.

José Gabriel Condorcanqui alikuwa kuraka wa Tungasuca, Surimana na Pampamarca, na msafirishaji mizigo kwa nyumbu. Njia yake ya biashara ilikuwa njia ya kwenda Potosí, kwa hiyo alikuwa akiwaona watu wake wakienda na akijua nani hakurudi. Mwaka 1777 alikwenda Lima kuomba kwa karatasi watu wake wasamehewe mita. Alikataliwa. Novemba 1780 alimkamata mkuu wa wilaya, akamnyonga hadharani, akajiita Túpac Amaru wa pili. Mei 18, 1781 yeye, mkewe Micaela Bastidas na jamaa zao waliuawa kwenye uwanja wa Cusco. Hukumu haikuishia kwenye miili: ilipiga marufuku mavazi ya Kiinka, picha za Wainka, baragumu za kombe, na kuagiza watu wafundishwe Kihispania waiache lugha yao.

Nani alimshinda? Sehemu kubwa ya jeshi lililolinda Cusco ilikuwa ya kuraka wenzake. Mashuhuri wao ni Mateo Pumacahua wa Chinchero. Alipewa vyeo, akazeeka navyo. Mwaka 1814, akiwa mzee wa zaidi ya miaka 70, Pumacahua huyohuyo akaasi dhidi ya Hispania. 1815 naye akauawa.

Sasa Mpiga Bao, huyu wa pili utamweka upande gani, wenye funguo au waliovunja mlango? Kuraka alikuwa katikati: huku anadaiwa vichwa vya watu, kule anadaiwa ulinzi na watu hao. Kuna waliotajirika, wakavaa hariri na kumiliki ardhi, sikatai. Wengine waliuza hadi mifugo yao kuziba pengo la mita, na wengine walikimbia usiku. Watu wa kawaida nao walikimbia: ukiacha kijiji ulichoandikishwa ukahamia kingine unakuwa "mgeni", na mgeni hakudaiwa zamu. Ndiyo maana kufikia mwisho wa miaka ya 1600 Potosí ilikuwa haipati hata nusu ya idadi ya Toledo.

Mpiga Bao

Pumacahua amenishinda. Nimempeleka upande huu, nimemrudisha, nimeacha.

Lakini radhi je? Maana mtoa mada alianza nayo halafu mkaingia migodini. Mfalme wa Hispania aombe au asiombe?

Mtoa mada

Mimi naona aombe, lakini Meksiko nayo isijifanye imekaa upande wa kupokea tu. López Obrador mwenyewe mwaka 2021 aliwaomba radhi Wamaya na Wayaqui kwa niaba ya serikali ya Meksiko, na mengi aliyoyaombea radhi yalitendwa baada ya uhuru, si na Wahispania.

Bi Mkubwa wa Kigamboni

Hapo ndipo nilikuwa nakusubiri. Rudi Peru. Julai 1825 Simón Bolívar, kiongozi wa vita vya uhuru, alikuwa Cusco akafuta cheo cha cacique, kwamba kwenye jamhuri wote ni raia. Kodi ya Wahindi nayo ilikuwa imefutwa kwa tangazo. Ilipofika 1826 hazina haina kitu, kodi ikarudishwa. Hawakuiita tena kodi ya Wahindi kwa neno lile la zamani, "tributo". Waliita "mchango wa wenyeji", na ulidumu mpaka 1854. Sasa unalipa kilekile ulichokuwa ukimlipa mfalme, ila yule kuraka wa kubembeleza, au wa kwenda Lima na karatasi, hayupo. Amefutwa kwa jina la usawa.

Hiyo kodi ilikuwa juu ya orodha za nani, mtoa mada? Zile zile za vijiji vya Toledo.

Mtoa mada

Bi Mkubwa, mwaka 1826 sikuwa nao kabisa. Nilikuwa nimeishia 1821, uhuru ulipotangazwa, nikadhani kiti kimevunjwa. Nipe siku mbili nisome habari za Bolivia, maana nakumbuka kule kodi hiyohiyo ndiyo iliyokuwa ikiilisha serikali kwa miongo kadhaa. Mwalimu, kama una lolote kuhusu nani alikusanya baada ya kuraka kuondolewa, weka hapa.

Mwalimu wa zamu

Maafisa wa wilaya waliotumwa na serikali. Wengi wao hawakuijua hata lugha ya wanaowatoza. Kesho niko zamu shuleni, nitaandika jioni.